Kurasa Ambazo Hatukuzikata

Tarehe tisa mwezi wa pili, saa nne ya asubuhi, nilimpoteza mke wangu, Mama Bahati, katika hospitali ya Masisi. Aliugua siku kumi na mbili. Siku hiyo nilipoteza kitu kingine pia, na ndicho kinachohusu kazi yetu: nafasi ya kumjibu swali alilokuwa akiniuliza kwa miaka mingi. Alitaka kujua kama mpishi mmoja wa meli, mtu wa ndani ya kitabu, alikufa ao aliokoka. Kitabu tulichoamini kina jibu kilipita mikononi mwangu mara moja. Nilikiuza bila kukisoma chote.

Ninyi vijana mnaotafuta vitabu vya zamani kwa simu zenu, huku Masisi na kule Walikale, mmeniomba niwaandikie jinsi sisi tulivyofanya. Nitaandika. Niliacha masomo mwaka wa pili wa sekondari, na Kifaransa changu ni cha kamusi. Nisipojua kitu nitasema sijui.

Tulikuwa tunatafuta riwaya za Kifaransa za safari na hatari: meli, majangwa, visiwa, watu waliopotea na wengine wanaowatafuta. Tulizitaka katika chapa ya kwanza kabisa, ile iliyotoka kabla kitabu hakijajulikana. Wazungu wenye mashamba ya zamani waliziacha katika nyumba zao walipoondoka. Zingine zilibaki kwa makarani, kwa waalimu, kwa wapishi wa misheni. Mbali huko kuna watu wanaozikusanya kama sisi tunavyokusanya ng'ombe.

Aliyeniingiza ni Papa Muhindo, mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, mwenye duka la chumvi, sabuni na misumari pale Masisi, na lori moja lililokwenda Walikale barabara ikikubali. Mteja mmoja wa Goma alimuuliza kama katika safari zake huwa anaona vitabu vya kale. Papa Muhindo hajawahi kumwambia mteja hapana. Akasema anaviona kila siku. Kisha akanitafuta, mimi niliyekuwa nampakilia magunia.

"Miye najua misumari," akasema. "Weye unajua kusoma. Tutajifunza njiani."

Tulijifunza kwa kukosa. Safari yangu ya kwanza ilikuwa Burungu, kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa na riwaya ileile mara mbili. Zamani, chini ya jina la kitabu, wachapaji walipenda kuandika nakala hii ni ya elfu ya ngapi. Moja ya zile mbili iliandikwa elfu ya arobaini. Nyingine haikuwa na namba yoyote. Mimi ni mtoto wa wafugaji. Nikachukua yenye arobaini, nikamshukuru mzee, nikarudi nikiimba.

Papa Muhindo alikuwa amekwisha kufundishwa na mteja wake. Alifungua kitabu, akakifunga.

"Papa Bahati, weye unafikiri kitabu iko ngombe?"

"Arobaini njo mingi, Papa."

"Mingi njo mubaya! Ile yenye haina namba njo ilitoka mbele ya zote. Iko wapi?"

"Niliiacha."

"Uliiacha!" Akawaita wanunuzi wa chumvi waje kunitazama. "Mumuone muntu anaacha mama, analeta mujukuu!"

Kesho yake nilirudi Burungu kwa pikipiki. Mzee alikuwa ameona kitabu kilichobaki hakina mtu wa kukitaka, naye akaufumua mshono wake na kuwafunikia wajukuu madaftari ya shule. Ukurasa wenye jina ulikuwa juu ya daftari la hesabu. Niliusoma hapo. Hakukuwa na namba.

Kwa hiyo shikeni hili. Kukosa namba hakutoshi, maana kuna wachapaji waliozificha. Tazama mwaka ulioandikwa mbele, halafu nenda ukurasa wa mwisho kabisa, pale mchapaji alipoandika lini alimaliza kazi. Miaka hiyo ikipatana, keti chini, omba maji ya kunywa, usioneshe haraka. Isipopatana, shukuru uende. Hakuna aibu kurudi na mikono mitupu.

Sokoni, nunua karanga kwanza. Nyamitaba niliwahi kununua karanga zilizofungwa katika ukurasa wa mia mbili na kumi na moja wa riwaya nzuri sana ya jangwani. Nikamuuliza mama aliyeuza karatasi nyingine ziko wapi. Akanionesha kitabu chini ya kigoda chake. Alikuwa ameanzia nyuma, kwa utaratibu, ukurasa mmoja kwa kila mteja, na alikuwa na haki: kilikuwa chake. Nilinunua kilichobaki. Hakikuwa na faida kwa mtu yeyote, lakini nilikuwa mpya katika kazi na roho iliuma. Tangu siku hiyo, nikiingia soko lolote, naangalia karanga zimefungwa kwa nini kabla sijaangalia kitu kingine.

Kuhusu majalada ya ngozi nawaambia kosa langu ili msilirudie. Kwetu ngozi ikikauka unaipaka siagi ya ng'ombe. Kamba, mkanda, kiti, vyote. Nilipata vitabu sita vya ngozi vilivyopasuka, nikavipaka siagi vikang'aa kama viatu vya bwana-arusi. Nikaviweka juu ya kabati. Panya walikula migongo ya vyote sita, wakaacha karatasi safi kabisa, bila hata alama ya jino. Mama Bahati aliwahesabia haki panya. "Umewapikia," akasema. "Walikataa kula sahani."

Njiani tulitia vitabu ndani ya bidoni, yaani dumu la maziwa, iliyokaushwa vizuri, kifuniko kikifungwa na mpira. Mvua haiingii, na pikipiki ikianguka bidoni inaviringika tu. Shida ilikuwa kwenye barriere, kizuizi cha askari barabarani. Kila mtu anajua bidoni ni ya maziwa.

"Unabeba nini?"

"Vitabu, chef."

"Vitabu mu bidoni? Kwenda Walikale?" Anawaita wenzake. "Muje musikie huyu!"

Anayesema kweli hapo anakawia kuliko anayesema uongo. Walifungua, wakatoa kimoja kimoja, wakatafuta kilichofichwa ndani. Mara moja mmoja wao alianza kusoma, akaketi juu ya jiwe, na ilibidi nimsubiri amalize sura. Alinirudishia akasema niendelee, ila nimwambie yule mtu wa kwenye theluji alifika ao hakufika. Nilimwambia alifika. Hicho nilikuwa nimekisoma.

Sasa nifike kwa Mama Bahati.

Yeye hakusoma. Alikuwa mshonaji wa magunia ya maharagi, mwenye mkono ambao gunia lake halikumwaga hata punje moja. Siku moja aliniona nikigandisha kitabu kilichofunguka kwa ugali wa muhogo. Alisema mende watakula. Akachukua sindano, akatazama mashimo ya zamani, akapitisha uzi mlemle ulimopita wa kwanza. Hakutoboa tundu jipya. Ukitaka siri ya kutengeneza kitabu cha kale ni hiyo tu: fuata mashimo yaliyopo. Tangu siku hiyo kazi yote ya kushona ikawa yake, na Papa Muhindo akasema ndiye mwenye kampuni, sisi wawili ni wapakiaji.

Alipokuwa akishona, mimi nilimsomea kile anachoshona. Ilikuwa wakati wa mvua, baada ya chakula cha mchana, kazi ya shamba ikiwa imesimama. Nilisoma Kifaransa kwa macho na kusema Kiswahili kwa kinywa. Maneno magumu niliyaruka. Yeye alijua ninaruka.

"Hapo umeruka."

"Ni jina la upepo tu."

"Upepo wa nini? Wa kubaya ao wa kuzuri?"

Ndivyo tulivyosoma kitabu cha kwanza cha riwaya moja ya meli. Sitaitaja jina, kwa sababu mwenye kuinunua hakupenda itajwe. Ilikuwa na vitabu viwili. Meli inakwenda kwenye bahari ya barafu kumtafuta ndugu wa nahodha. Ndani yake kuna mpishi, mtu mnene mwenye kuimba, ambaye mabaharia wanamcheka. Mama Bahati alimpenda tangu ukurasa wa ishirini. "Bengine bote banatembea tu," alisema. "Yeye njo anabalisha." Katika ukurasa wa mwisho mpishi anashushwa kwa mtumbwi mdogo kwenda kuchota maji ya barafu. Ukungu unaingia. Kamba iliyofunga mtumbwi na meli inakatika. Wanamsikia akiita, mara ya kwanza karibu, mara ya pili mbali. Kitabu cha kwanza kinaishia hapo.

Mama Bahati alisimamisha sindano. "Na kisha?"

"Kisha iko mu kitabu cha pili."

"Kiko wapi?"

Hatukuwa nacho. Miezi minane nilikitafuta, kwa sababu mteja wa Goma hakutaka cha kwanza bila cha pili. Kila niliporudi safarini, kabla ya kuniuliza kama nimekula, aliuliza: "Mupishi amepatikana?"

Nilikipata Nyamitaba, ndani ya sanduku la chuma la karani wa shamba aliyekuwa amefariki. Chapa ya kwanza, bila namba, miaka ikipatana mbele na nyuma. Na kilikuwa hakijakatwa.

Hili lazima niwaeleze. Zamani karatasi kubwa ilichapwa, ikakunjwa mara kadhaa, ikashonwa hivyo hivyo na kingo zake zimeshikana. Msomaji mwenyewe alizikata kwa kisu, kidogo kidogo, kadiri alivyosoma. Kitabu ambacho hakijakatwa ni kitabu ambacho hakuna aliyekisoma tangu kizaliwe, na wakusanyaji wanakitafuta kuliko vyote. Mtacheka: wanakipenda kwa sababu hakuna aliyekisoma, na wao pia hawatakisoma. Mimi nilicheka, kisha nikaharibu kimoja. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikata riwaya nzima kwa wembe, nikidhani nimemsaidia mchapaji aliyesahau kumaliza kazi. Papa Muhindo hakusema nami siku tatu. Baada ya hapo nikawa mtu wa sheria hiyo kuliko yeye.

Nilifika nyumbani, Mama Bahati akichambua maharagi.

"Njo kile?"

"Njo chenyewe."

Akafuta mikono kwenye kitenge. "Basi soma."

"Hakijakatwa."

"Kata."

"Nikikata, Mama Bahati, kinaharibika."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa maziwa yanaharibika kwa kunywewa. "Kitabu kinaharibika juu ya kusoma?"

"Kwa hawa batu, ndiyo."

"Na mupishi abakie mu maji juu ya hawa batu?"

Tulifanya jambo moja ambalo Papa Muhindo hakulijua. Karatasi iliyokunjwa ukiiminya kidogo inafunguka kama mdomo wa mfuko, unaweza kuchungulia. Yeye aliiminya, mimi nikachungulia upande wa dirisha, shingo imepinda. Kurasa zingine zinasomeka hivyo, zingine hazifikiki kabisa. Nilisoma zilizosomeka. Nahodha alikuwepo, barafu ilikuwepo. Mpishi sikumwona.

"Iko mu zile zenye zinafungwa," alisema.

"Labda."

"Ao umemuruka, sawa unaruka maneno ya nguvu."

"Sikumruka."

"Basi kata moja tu. Ya mwisho."

Nilikataa. Kesho yake asubuhi nilikitia kwenye bidoni, nikakipeleka. Nimefikiri sana kwa nini. Bei ilikuwa sehemu yake, siwezi kusema haikuwa. Lakini zaidi nilipenda kuwa mtu anayejua sheria. Nilikuwa mpakiaji wa magunia, na sasa nilijua kitu ambacho hata waliosoma hawakijui. Sikutaka kukivunja kwa kisu cha jikoni. Ilikuwa hivyo, wala si kitu kikubwa zaidi ya hivyo.

Hakunikasirikia. Hilo lingekuwa rahisi. Aliendelea kushona, na kila niliporudi aliuliza kama mpishi amepatikana, akicheka, hata miaka ilipopita na binti yetu Bahati akaolewa. Mimi niliahidi kutafuta nakala nyingine, ya bei ya chini, iliyochakaa, ya kusoma tu. Na nilisikia habari yake. Motari mmoja, dereva wa pikipiki, aliniambia kwamba karibu na Walikale kuna katekista, Papa Bonane, anayesomea watu kitabu cha meli na barafu. Kwa maelezo yake nilijua ni kitabu cha pili. Hiyo ilikuwa miaka miwili kabla ya Mama Bahati kufa. Mara barabara iliharibika, mara kulikuwa na maneno ya usalama, mara nilikuwa na goti. Kati ya hayo kulikuwa na miezi mizima ambayo barabara ilipitika na goti halikuuma. Sikwenda.

Katika siku zile kumi na mbili za hospitali aliniuliza mara moja. Nilimwambia nitaenda juma lijalo.

Papa Muhindo alikuja kwenye matanga, sasa anatembea na fimbo. Nilimsimulia habari ya kitabu, maana hakuwahi kuijua. "Sawa ungeniombaka," akasema, "ningekuambia kata." Sijui kama ni kweli ao alisema kwa sababu ya msiba. Sikumuuliza.

Baada ya matanga nilikwenda Walikale, siku mbili kwa pikipiki chini ya mvua. Sikubeba bidoni. Papa Bonane nilimkuta anapanga viti vya kanisa. Ni mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwambia sikuja kununua, nimekuja kusoma. Alifurahi kuliko kama ningenunua.

Nakala yake haikuwa na thamani yoyote: elfu ya sabini na kitu, bila jalada, ina madoa ya mafuta ya mawese. Lakini kurasa zote zilikuwepo, na zote zimekatwa. Tulikaa kwenye baraza lake siku mbili. Safari hii sikuruka neno hata moja. Nisilolijua nilimuuliza yeye, naye asipolijua tulitafuta katika kamusi yangu. Pepo zote tulizijua majina.

Mpishi hayumo. Hakufa na hakuokoka. Ndugu wa nahodha anapatikana, meli inarudi, watu wanapewa medali, na hakuna anayesema hata neno moja kuhusu mtu aliyekatikiwa kamba kwenye ukungu. Nafikiri mwandishi alimsahau. Nilirudia sura tatu za mwanzo ili kuhakikisha. Tungekata kila ukurasa wa kile cha Nyamitaba tusingemkuta.

"Ulikuwa unatafuta nini?" Papa Bonane aliuliza.

"Mupishi."

"Mupishi gani?"

Hakujua. Hajawahi kuona kitabu cha kwanza. Watu wake walikuwa wameisikia hadithi hiyo misimu mitatu ya mvua, wanawajua mabaharia wote kwa majina, na hawakujua kwamba melini kulikuwa na mpishi.

Jumapili, baada ya misa, aliniomba niwasimulie mwanzo. Watu kama thelathini walibaki uani. Nilisimulia kama nilivyomsimulia Mama Bahati, tangu meli inapakiwa mpaka kamba ikatike na sauti iende mbali. Nilipomaliza, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alipiga kofi la mkono juu ya mkono.

"Miye niliulizaka! Papa Katekista, sikuulizaka kila mara? Hawa batu bote banakula nini? Nani iko anapika?"

"Banakula biskuti," mzee mmoja akasema.

"Biskuti mwaka muzima? Weye ungekula?"

Wakaanza kubishana. Mzee alisema kwenye maji ya barafu mtu hamalizi hata Baba Yetu. Kijana mmoja aliyekuwa amefanya kazi ya mitumbwi mtoni alisema mtumbwi mtupu hauzami, kwa hiyo mpishi yuko juu ya maji, shida ni njaa tu. Yule mama akasema njaa itamwua vipi mpishi. Mzee akasema kama angeishi angeandikwa. Mama akasema kama angekufa pia angeandikwa, hata mbuzi akifa mu muji batu banasema.

"Papa wa Masisi," akanigeukia, "weye ulisoma bitabu byote bibili. Alikufa?"

"Haijaandikwa, Mama."

"Bibi yako, yeye alisemaka aje?"

Papa Bonane alikuwa amewaambia kuhusu msiba wa mke wangu.

"Alisemaka hakufa," nikajibu, maana kila mara aliuliza tu kama amepatikana.

Akawageukia wenzake. "Munasikia? Sasa tuko babili."

Motari wangu alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki kwa sababu mawingu yalikuwa yanashuka. Nilipanda. Mzee alikuwa amesimama, anajibu.